Abiria wa Chipukizi la Mgomba

Kati ya Beni na Butembo kuna mwendo wa kilomita hamsini na kitu tu, lakini hewa ya miji hiyo miwili haifanani. Beni iko karibu na mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Butembo imepita mita 1,700. Anayepanda pikipiki Beni asubuhi huanza safari akitoka jasho, na kabla hajafika Butembo amekwisha kufunga koti hadi shingoni. Migomba inaijua tofauti hiyo, na wadudu wa migomba wanaijua kuliko migomba yenyewe. Tangu nianze kazi ya ugani katika eneo hili, nikiona pikipiki iliyofungwa mafungu ya machipukizi nyuma ya dereva, udongo ukiwa bado umeshika mizizi, huwa sishughuliki sana na mgomba. Ninataka kujua nani mwingine amepanda pikipiki hiyo.

Mmea hausafiri peke yake. Kijiti cha muhogo, chipukizi la mgomba, kiazi cha mbegu kutoka Lubero, mche wa kakao: kila kimoja kina wapangaji wake. Wengine unawaona kwa macho, wengine hata ukishika kioo cha kukuzia huwaoni. Wengi wao hawana ubaya. Wachache ni wauaji. Kazi yangu imekuwa kuwatenganisha, na ni ngumu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mwenye shamba akishaona kadudu kwenye mmea unaokufa, kwake shauri limekwisha. Anataka dawa tu, tena dawa kali.

Aliyenisaidia kuieleza kazi hii kwa maneno mafupi ni mdogo wangu anayeishi Liège, Ubelgiji, ambaye hana hata mgomba mmoja. Sebuleni kwake ana tangi la kioo lililojaa maji ya chumvi, na ndani yake anafuga matumbawe laini. Sisi tuliozaliwa Butembo, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Bahari ya Hindi, tulikua tukila samaki wa Ziwa Edward, wa Vitshumbi na Kyavinyonge. Bahari ilikuwa somo la jiografia. Yeye amekwenda kuikuta Ulaya, ndani ya sanduku la kioo. Ilinichukua muda kuamini kwamba kitu hicho kinachoyumba majini ni mnyama, si mmea wala jiwe. Tumbawe laini halijengi mfupa mgumu wa chokaa kama yale yanayojenga miamba. Matumbawe laini yapo kwenye miamba ya Zanzibar, Mafia na Mombasa, lakini ya kwake ameyanunua dukani, kila pande likiwa limeshikamana na kijiwe. Abiria wanaokuja bila kulipiwa wanajificha kwenye kijiwe hicho.

Usiku mmoja alinitumia picha kwa WhatsApp. Kulikuwa na vichwa vidogo vya kijani vyenye mikia ya nyuzi pembeni, vingine vimefunguka, vingine vimejifunga na kunywea. Katikati yake alipita mnyoo mrefu wa rangi ya waridi, manyoya meupe yamemtoka ubavuni. Chini ya picha aliandika: "Yaya, wewe ni mutu ya wadudu. Hii kitu ni nini? Iko nakula matumbawe yangu." Alikuwa amekwisha kuwatoa kadhaa kwa kibano, na manyoya yao yamemwasha vidole.

Juu ya minyoo ya bahari sikuwa na elimu yoyote. Nikamuuliza maswali yaleyale ninayomuuliza mkulima wa Mutwanga. Mdudu umemkuta kwenye sehemu iliyo hai au iliyokufa? Anatoka saa ngapi? Umewahi kumwona akiuma, au umemwona tu yupo? Ulipomwondoa, uharibifu ulikoma au uliendelea?

Majibu yalitosha. Mnyoo alionekana usiku tu, na kila mara juu ya kichwa kilichokwisha kuoza. Hakuna aliyemwona akigusa kilicho kizima. Tena minyoo ilikuwa imepungua tangini, na vichwa vilizidi kufunga. Nikamwambia aiache minyoo, angoje taa za tangi zizimike, achukue tochi na kuangalia upande wa chini wa vichwa ambavyo bado ni vizima.

Alimkuta konokono wa bahari asiye na gamba, mdogo kuliko ukucha, mgongo umejaa vidole vidole, na rangi yake ni kijani kilekile cha tumbawe. Kando yake kulikuwa na uzi mweupe wa mayai uliozungushwa. Wafugaji wa Ulaya wanamfahamu vizuri. Anakula vichwa hivyo na si kitu kingine, na rangi anaipata kwenye chakula chake. Hata mwani mdogo unaoishi ndani ya nyama ya tumbawe unaingia mwilini mwake na kukaa humo ukiwa hai. Ndiyo sababu mwenye tangi anaweza kumtazama bila kumwona. Minyoo ya manyoya, aina nyingi zinazoingia kwenye matangi, inakula mabaki ya chakula na nyama iliyokufa. Kuitoa ni kumfukuza mfagiaji kwa kuwa amekutwa penye takataka. (Wenye elimu ya bahari watasema vichwa hivyo ni zoanthidi, ndugu wa anemone, si matumbawe laini hasa. Ni kweli. Lakini wafugaji na wauzaji wanaviweka kundi moja, nami nafuata lugha ya dukani.)

Kutoka Liège nilipata kanuni ambayo nimekuwa nikiitumia Beni tangu hapo: anayefanana sana na anachokikalia, naye hahami, ndiye wa kuchunguzwa mwanzo. Kwenye matumbawe kuna pia nyota wadogo wa bahari wenye mikono myembamba. Hao ukiwagusa wanakimbilia ufa mwingine, maana wanatafuta maficho tu. Mlaji hana pa kukimbilia. Chakula chake ndicho nyumba yake.

Sasa nirudi kwenye migomba.

Upande wa Mutwanga, chini ya Rwenzori, mzee mmoja aliniita shambani kwake kwa sababu migomba ilikuwa inaanguka. Mvua yenye upepo kidogo tu, na mikungu ambayo bado haijakomaa inalala chini. Alikuwa amenunua dawa ya unga sokoni, isiyo na maandishi yoyote kwenye mfuko. Alinionyesha washukiwa wake amewapanga kwenye jani: majongoo, sisimizi wachache, mdudu mwenye koleo mkiani, na funza wakubwa weupe, wanono, waliojikunja, aliowatoa kwenye gogo lililooza.

"Agronomu, hawa ndio wananimaliza," alisema.

"Baba, hao umewatoa wapi?"

"Hapa hapa, kwenye mugomba iliyoanguka."

"Kwenye nyama nyeupe ya tunguu, au kwenye sehemu nyeusi iliyooza?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kipuuzi, kisha akacheka. "Nani anaangalia hayo?"

Nikamwomba panga. Tulichukua mgomba ulioanguka wiki ile, ambao tunguu lake lilikuwa bado na uhai, tukalikata vipande vyembamba kuanzia chini. Kila kipande kilikuwa na vishimo na njia za kahawia zilizopita katikati ya nyama nyeupe. Ndani ya njia moja alikuwemo funza mdogo, mweupe, kichwa cha kahawia, hana mguu hata mmoja. Nikamweka kando ya wale wakubwa wa kwenye jani. Nikamwomba mzee ahesabu miguu. Wale wakubwa walikuwa nayo sita, karibu na kichwa. Ni watoto wa mbawakawa wanaoishi kwenye kuni na magogo yaliyooza. Huyu mdogo hakuwa na wowote. Ndiye fukusi wa migomba, yule ambaye vitabu vya sayansi vinamwita Cosmopolites sordidus, aliyeandikwa kwa mara ya kwanza na Mjerumani Germar mwaka 1824. Asili yake ni kusini-mashariki mwa Asia, kulikotoka mgomba wenyewe. Amezunguka dunia nzima ya kitropiki bila kutumia mabawa, kwa kuwa ni nadra sana kuruka. Watu ndio waliombeba, ndani ya machipukizi.

Mzee hakuridhika. Alisema ameishi na migomba tangu utoto na mdudu mzima wa aina hiyo hajamwona. Nilimwelewa. Fukusi mzima ni mweusi, ana mdomo mrefu uliopinda, na urefu wake haufiki sentimita 2. Mchana amelala chini ya majani makavu au katikati ya maganda ya shina. Ukimgusa anakunja miguu na kujifanya amekufa, nawe unamwona punje ya udongo. Anatembea usiku. Jioni ile tulikata shina la mgomba uliokwisha kuvunwa, tukalipasua katikati, tukalaza vipande karibu na mashina mengine, upande uliokatwa ukitazama chini. Asubuhi tulipogeuza walikuwepo, wametulia. Mzee hakusema neno. Alimwita mkewe aje kuona, halafu akaita majirani.

Kilichobaki kilikuwa kuwatetea wengine waliokuwa kwenye jani. Majongoo wanakula kilichooza. Mdudu mwenye koleo hula mayai na funza wadogo. Na sisimizi ni jambo ambalo wakulima wetu hawalipendi kulisikia: nchini Kuba, aina fulani za sisimizi zimetumika kwa makusudi kwenye mashamba ya ndizi ili zimpunguze fukusi. Dawa ile ya unga ingewaua hawa wa juu ya udongo kwanza, na funza aliye ndani ya tunguu angeendelea kula kwa raha, bila adui. Sisemi kwamba dawa haifai popote. Nasema kwamba dawa iliyonunuliwa kabla ya tunguu kukatwa ni pesa iliyotupwa.

Fukusi hapendi baridi. Kuanzia mita 1,600 hivi anakuwa adimu, na milima ya Butembo na Lubero inamshinda. Nimewaona watu wa Butembo wakijivunia jambo hilo kana kwamba ni usafi wao. Lakini machipukizi yanayopanda kutoka Beni hayaleti fukusi peke yake. Yanaleta vijinyoo vya mizizi, visivyoonekana kwa macho, na mojawapo, Pratylenchus goodeyi, anapenda nyanda za baridi. Huyo humwoni, unaona kazi yake. Kata mzizi kwa urefu: ule mzima ni mweupe ndani, wenye vijinyoo una madoa ya zambarau na nyekundu yanayogeuka kuwa meusi. Mgomba wake nao unaanguka, lakini unaanguka ukiwa umeng'oka na mizizi mifupi, wakati ule wa fukusi mara nyingi unakatika kwenye tunguu. Namna ya kuanguka ni ushahidi. Nimewafundisha watoto wa shule jambo hili wakalishika haraka kuliko wazazi wao.

Kisha kuna abiria asiye mdudu kabisa. Mwaka 2001 mnyauko bakteria wa migomba ulionekana Uganda, wilaya ya Mukono; karibu na wakati huohuo ulikuwa umekwisha kuonekana Masisi, hukuhuku Kivu Kaskazini. Kabla ya hapo ulijulikana Ethiopia tu, ulikoelezwa kwenye zao la enseti mwaka 1968. Taarifa ya kisayansi iliyothibitisha kuwepo kwake Kongo ilitoka mwaka 2006, na jina la kwanza kwenye orodha ya waandishi wake lilikuwa la Vigheri Ndungo, wa Chuo Kikuu Katoliki cha Graben cha hapa Butembo, kilichoanzishwa mwaka 1989 wakati wa Askofu Emmanuel Kataliko. Huwa nawatajia wanafunzi jambo hilo kwa makusudi. Ugonjwa uliokuja kwetu, mtu wa kwetu aliushika mkono.

Mnyauko huu ulitutesa kwa sababu watu walitafuta mdudu na hawakumpata. Majani yananyauka kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukikata tunda ndani lina rangi ya kutu. Ukikata shina, baada ya muda mfupi linatoa usaha wa manjano. Wapo waliosema ni sumu ya jirani. Wapo waliosema ni vita. Kumbe mbebaji alikuwa nyuki na wadudu wengine wanaotembelea ua dume, na zaidi ya wote, panga la mwenye shamba linalotoka mgomba huu kwenda ule bila kusafishwa. Na chipukizi, tena: linaweza kuwa na bakteria ndani na kwa nje likaonekana zuri kuliko yote sokoni.

Ushauri wa kwanza ulikuwa kung'oa kichaka chote, mama na watoto, na kufukia. Mjane mwenye shamba dogo anayelima kwa jembe la mkono hawezi kung'oa vichaka vyote kwa wakati. Wengi hawakung'oa. Baadaye watafiti walichunguza namna bakteria wanavyotembea ndani ya kichaka, wakaona kwamba shina moja likiugua, si machipukizi yote yanaugua pamoja nalo. Wakaanza kupendekeza kukata shina lenye dalili peke yake, chini kabisa, mara kwa mara, huku panga likipitishwa kwenye moto au kwenye maji ya klorini, na ua dume likivunjwa kwa kijiti chenye panda. Kazi ikawa nyepesi, watu wakaifanya. Tofauti kati ya ushauri wa kwanza na wa pili haikuwa huruma. Ilikuwa kumjua mgeni kwa undani zaidi.

Nikitaja klorini nakumbuka barabara ileile ya Beni hadi Butembo wakati wa Ebola. Mlipuko ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, kitovu chake kikiwa Mangina, ukatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua zaidi ya watu 2,200. Kwenye vizuizi tulishuka wote. Tulinawa kwa maji ya klorini, tukapimwa joto kwenye paji la uso, tukapanda tena. Mafungu ya machipukizi yaliyofungwa nyuma ya pikipiki yalipita bila kuulizwa, na hiyo ilikuwa haki; wakati ule watu walikuwa wanakufa, nani angeuliza habari ya migomba? Lakini baada ya mlipuko nilijaribu kutumia kumbukumbu hiyo. Nilikuwa nikimwambia mkulima, "Unakumbuka mikono yako ilivyooshwa pale kizuizini? Panga lako nalo ni mkono." Sikuhitaji kueleza zaidi. Hakuna mtu wa Beni anayehitaji kufundishwa kwamba kitu kisichoonekana kinaweza kuua.

Kitu kingine ambacho mtu wa Beni hahitaji kufundishwa ni kukimbia. Tangu mauaji ya raia yalipoanza hapa Oktoba 2014, vijiji vizima vimehama, vikarudi, vikahama tena. Mtu anayerudi kwenye shamba lililogeuka pori hana mbegu. Anaomba machipukizi popote alipopewa hifadhi, na hakuna wa kumlaumu. Ninalotaka kulisema ni kwamba eneo ambalo watu na mimea vinahama namna hii lingepaswa kuwa na vitalu vya machipukizi safi kila mtaa. Vichache vilivyopo havitoshi. Hilo ni deni la serikali na mashirika, si la mkulima.

Kuna abiria wanaobeba abiria. Kidukari cha mgomba, kidogo, cha kahawia iliyoiva, kinakaa ndani ya maganda ya shina na kuchungwa na sisimizi wanaotaka utamu wake. Chenyewe kinafyonza maji kidogo tu. Ubaya wake ni kirusi kinachobebwa mwilini mwake, kinachofanya majani yasimame wima, membamba, yamesongamana kileleni, na mgomba usizae. Panga halikisambazi kirusi hicho. Kidukari na chipukizi ndivyo vinavyokisambaza. Mtu akichanganya ugonjwa huu na mnyauko, atachoma panga lake kila siku na shamba litaendelea kufa.

Kama kuna msomaji anayedhani kwamba kupambanua wadudu ni starehe ya wasomi, nina kisa cha muhogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kando ya mto Kongo, Kinshasa na Brazzaville, kalionekana kadudu kafupi ka waridi, kamejifunika unga mweupe. Vilele vya mihogo vilijikunja, majani yakapotea, na sombe, mboga ya majani hayo, ikapotea nayo mezani. Baada ya miaka michache kalikuwa kameenea katika sehemu kubwa ya Afrika inayolima muhogo. Mwaka 1977 kakapewa jina: Phenacoccus manihoti. Kwa kuwa muhogo ulitoka Amerika, watafiti walijua adui wake wa asili angekuwa huko. Wakatafuta kaskazini mwa Amerika Kusini, wakampata mdudu anayefanana naye kabisa, wakawachukua nyigu wanaomla. Nyigu hao hawakumgusa yule wa Afrika. Walikuwa wamemkuta ndugu yake, si yeye. Ni baada ya kutambua kwamba hao ni wawili tofauti ndipo msako ulihamia kusini zaidi, na mwaka 1981 Anthony Bellotti akamkuta mwenyewe Paraguay, pamoja na nyigu wake mdogo, Anagyrus lopezi. Nyigu huyo aliachiwa Nigeria mwaka huohuo. Akaenea Afrika nzima ya muhogo, Kongo ikiwemo, na janga likashuka. Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

Sombe tunayokula leo Butembo imo katika kisa hicho. Tofauti kati ya wadudu wawili, ambayo mtu wa kawaida asingeiona, ndiyo iliyoamua nyigu gani waletwe.

Nilipomsimulia mdogo wangu habari hii, alinijibu kwamba hata wafugaji wa matumbawe wana mchezo huo. Kuna anemone mdogo mbaya anayeitwa Aiptasia anayejaa tangini na kuchoma matumbawe, na kuna konokono mwingine asiye na gamba, Berghia, anayekula Aiptasia tu. Kwa hiyo katika tangi moja konokono mmoja asiye na gamba ni adui na mwingine ananunuliwa kwa euro. Anayeua kila konokono anajitia hasara mara mbili. Aliniambia pia kwamba siku hizi pande jipya la tumbawe haliingii moja kwa moja. Analichovya kwenye dawa, analitikisa, anahesabu walioanguka chini ya bakuli, kisha analiweka kwenye tangi dogo la pembeni kwa wiki kadhaa, akilichovya tena, kwa sababu dawa hiyo haiui mayai.

Nilicheka peke yangu. Hayo ndiyo ninayoyahubiri kila msimu, ila mimi natumia sufuria.

Basi kwa mwenye shamba wa Beni au Butembo anayejiandaa kwa mvua za Septemba: usinunue chipukizi bila kujua shamba lilikotoka, na kama unaweza, nenda ukaione migomba mama kwa macho yako. Ikiwa kuna mnyauko au majani yaliyosongamana kileleni, rudi nyumbani mikono mitupu, kwa kuwa magonjwa hayo mawili hayatoki kwa kuosha. Kama migomba mama ni mizima, kata mizizi yote na umenye tunguu hukohuko lilikotolewa, mpaka libaki jeupe. Maganda usiyalete kwako. Ukiona njia za kahawia zimeingia ndani sana, litupe. Yaliyobaki yachovye kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30, si zaidi, kisha yapande mbali na migomba ya zamani. Mwenye kupenda aina ya Yangambi Km5, iliyopewa jina la kituo chetu cha utafiti cha Yangambi, ana nafuu, maana inastahimili vijinyoo na fukusi kuliko nyingi. Lakini nayo haina kinga dhidi ya mnyauko.

Na ukikuta kidudu usichokijua, usikiponde. Kiweke kwenye chupa yenye pombe kali kidogo, andika kwenye karatasi siku, kijiji, na sehemu ya mgomba ulikokitoa, hai au iliyooza. Kama una simu, piga picha kabla hakijafa, na nyingine ya tunguu lililokatwa. Kisha vipeleke kwa agronomu aliye karibu nawe, au kwenye kitivo cha kilimo cha chuo kikuu hapo Butembo. Atakuuliza kwanza habari za sehemu uliyokitoa, kwa hiyo karatasi hiyo isipotee.